Saa Tano ya Nani

Nianze na aibu yangu kubwa, ili nyinyi mliobaki mkitunza programu zangu kwenye kile chumba chenye feni moja msiisikie kwa wengine. Mtaisikia tu, kwa sababu hapa Kamembe bado wanaisimulia kila mwaka. Katika mwezi mmoja wa Ramadhani niliwatumia Waislamu wa mtaa wetu ujumbe wa simu kuwaambia wafuturu saa sita mchana.

Nilikuwa na akili zangu zote, na nilikuwa nimefunga kama wao. Kamati ya msikiti wa mtaani ilikuwa imeniomba programu ndogo ya kutuma ujumbe kila siku jua likizama. Nikaona ni kazi ya kumaliza kabla chakula hakijaiva. Katibu wa kamati aliniletea nyakati alizoziandika kwa mkono, kwa saa zetu. Nikawa nazisoma kwa sauti na kuandika kile kinywa changu kinachosema: magharibi, saa kumi na mbili na dakika chache. Vidole vikaandika 12. Kompyuta haijawahi kufunga wala kufuturu, na ukiiandikia 12 bila maelezo inaelewa moja tu, ile ya jua la utosini. Siku ya pili, mchana kweupe, simu za mtaa mzima zikalia kwa pamoja: "Wakati wa futari umefika. Mungu azipokee funga zenu."

Wa kwanza kunijia alikuwa jirani yangu Maman Zaina, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuja na simu mkononi kama mtu aliyebeba panya.

"Maman Nuru! Eh, Maman Nuru! Jua iko juu ya kichwa yangu, na weye unaniambia nifuturu? Nifuturu na nini, na jua?"

"Ni mashine, Maman Zaina."

"Mashine ilisilimu lini?"

Wengi walicheka wakaendelea na funga yao. Isipokuwa mzee mmoja, simtaji, aliyekula sahani nzima ya ugali na kujitetea mbele ya kamati kwamba yeye hana kosa, ujumbe ulitoka msikitini.

Kwa wale mliosomea mbali mkazoea saa za huko: sisi, tukizungumza Kiswahili au Kinyarwanda, tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapotoka. Saa moja ya asubuhi ni ile ambayo mashine inaiita saba. Toa sita au ongeza sita, na mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo nilivyodhani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ndiyo maana nawaandikia.

Mimi ni mtu wa nyumbani, na silisemi hilo kwa kujisifu. Bukavu, upande wa Kongo, naiona kutoka uani kwangu, lakini daraja nimelivuka mara chache kiasi kwamba askari wa mpakani wananitazama kama mtalii. Chumvi ikiniishia nampigia kijana wa moto, yaani pikipiki, aniletee kutoka dukani, kuliko nitoke nikabishe mlango wa jirani nianze salamu zisizoisha. Mungu naye ana utani wake. Mtu wa namna hii alimpa kazi ya kupanga safari za watu.

Niliingia kwenye ajansi ya mabasi hapo gare, stendi ya Kamembe, nikiwa na diploma ya sekondari na mwandiko mzuri. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika tike kwa kalamu, jina la abiria, mahali anakokwenda, saa, na mstari chini yake ulionyooka. Nilijivunia ule mstari. Kisha patron, mwenye ajansi, akanunua kompyuta, nayo ikakaa mezani wiki nzima ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi. Wenzangu waliizunguka kwa mbali. Niliigusa mimi, na sababu yenyewe haina ushujaa wowote: ilikuwa imewekwa chumba cha nyuma, na atakayekaa nayo hatalazimika kusimama gishe, kwenye dirisha la tike, akichekeana na abiria.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Deo wa Bukavu, mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Alivuka daraja kwa miguu kila asubuhi akiwa na mkoba wa ngozi, na ndani yake alibeba diski, kitambaa cha kufutia skrini, na huo mkate. Hakuanza kwa kunifundisha kuandika programu. Alianza kwa kunifundisha kusoma makosa. Kila mashine ilipoandika kitu chekundu nilishtuka, na yeye alicheka taratibu.

"Mutoto yangu, mashine ikikuambia hapana, usikasirike. Ile siku imekuheshimu. Ogopa siku inakuambia ndiyo."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayesubiri chai. Sikukawia kuyaelewa.

Ajansi ilipata kompyuta ya pili. Ya kwanza ilitoka upande wa Papa Deo, na kila kitu chake kilikuwa Kifaransa, kuanzia kibodi hadi tarehe: siku kwanza, mwezi baadaye. Ya pili ililetwa na shemeji wa patron aliyekuwa akiishi Marekani, nayo ilikuja na tabia za huko, mwezi kwanza, siku baadaye. Mimi sikujua kwamba kompyuta ina tabia. Nilidhani ni kama pasi ya umeme, ukiichomeka inapata moto popote duniani.

Kwaya moja ya Nyakarenzo ikakodi basi kwenda kuimba Kigali tarehe sita mwezi wa tisa. Karani akaandika 06/09 kwenye mashine ya Kifaransa. Jioni nikahamisha safari zote kwenye ile ya Marekani, na yenyewe ikasoma ilivyolelewa: mwezi wa sita, tarehe tisa. Haikuuliza, haikuandika chekundu chochote. Basi likapanda Nyakarenzo miezi karibu mitatu kabla ya wakati, likapiga honi mbele ya kanisa mpaka mwalimu wa kwaya akatoka shambani na jembe lake begani.

"Tunaenda wapi?" akauliza.

"Kuimba," dereva akasema.

"Kuimba nini? Wimbo wenyewe hatujaujua bado!"

Patron alimkaripia dereva. Kwa kumbukumbu zangu ndiyo mara pekee basi la ajansi yetu lililaumiwa kwa kuwahi.

Papa Deo alipofika hakufungua programu. Alizunguka ile mashine ya pili, akaitazama mgongoni kama mtu anayekagua mbuzi, akauliza, "Hii ilizaliwa wapi?"

"Marekani."

"Basi iko inasoma ya kwabo. Mashine nayo iko na kwabo, mutoto yangu. Kama haujaiambia iko mu inchi gani, iko inaona bado iko nyumbani."

Akaniambia nichunguze matatizo yetu yanatokea lini ndani ya mwezi. Nikachunguza, nikaona haya. Mwezi ukianza, hadi tarehe kumi na mbili, mashine ilikubali kila tulichoiandikia. Kuanzia tarehe kumi na tatu ikawa inagoma, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, hata Marekani. Sisi wa gishe tulikuwa tukiziita zile za mwisho siku mbaya za mashine, tukisubiri mwezi mpya ili itulie. Kumbe siku mbaya ndizo mashine ilikuwa inasema kweli, na zile nzuri ilikuwa inatudanganya kwa adabu, na sisi tunaishukuru.

Mnaposoma kazi yangu mtaona kila mahali nimeandika mwaka kwanza, kwa tarakimu zote nne, kisha mwezi, kisha siku, na kila mahali nimeiambia mashine isome kwa kanuni za nchi gani. Mlikuwa mkinicheka kwamba naandika kama mtu anayejaza fomu ya pasipoti. Chekeni. Nilijaribu pia njia ya kuandika mwezi kwa herufi, nikaona hapo hapatakuwa na ubishi. Mwezi wa nane ukaja, ule ambao Wafaransa wanaupa kofia juu ya herufi, na mashine ya Marekani ikaiona ile kofia ikaandika alama za kuuliza kwenye tike za watu. Abiria mmoja alisema sasa ajansi imekuwa ya kweli, hata yenyewe haijui itasafiri lini.

Wiki nayo haikuniacha salama. Jumatatu kwa Kinyarwanda ni siku ya kwanza, kwa Kiswahili ni ya tatu, kwa mashine ya Marekani ni ya pili. Ni Jumatatu ileile, yenye uvivu uleule. Patron akaomba ripoti ya "wiki hii", nikampa, akasema siyo, nikampa nyingine, akasema hata hii siyo. Papa Deo akanishauri nimuulize patron wiki yake inaanza lini. Nilimuuliza. Akasema inategemea.

Yaliyofuata ya vyeo nayaruka, nisije nikawachosha kwa mambo madogo. Papa Deo alizeeka akaacha kuvuka daraja, akawa ananipigia simu kuniuliza kama mashine zimenisalimia. Mimi nikamwomba patron nifanyie kazi nyumbani. Akakubali haraka kuliko nilivyopenda. Nikahamia mezani kwangu, karibu na dirisha linalotazama ukuta wa Maman Zaina, na kwa miaka kadhaa nikapanga safari za Kigali, Bugarama na kwingine bila kukanyaga gare. Kama ningekutana na basi letu barabarani, lingenipita bila salamu.

Hapo ndipo patron akataka abiria wanunue nafasi kwa ujumbe wa simu. Abiria anaandika anakokwenda, siku, na saa, na programu inampa kiti. Ni kazi nzuri kwa mtu wa nyumbani. Tatizo likawa lilelile la zamani limevaa nguo mpya: mtu akiandika 5, ni tano ipi? Mabasi yote mawili yapo. Kuna la alfajiri, ambalo mashine inaliita 05:00, na kuna la kabla ya adhuhuri, ambalo mashine inaliita 11:00 na sisi tunaliita saa tano.

Nilifikiri siku nyingi, nikitazama ukuta. Kisha nikapata wazo ambalo lilinifanya nisimame nizunguke meza kwa furaha. Namba ya simu! Namba ya Rwanda, mwenyewe ni wa kwetu, anahesabu kutoka jua linapotoka, ongeza sita. Namba ya Kongo, mwenyewe amesoma shule za Kifaransa, na hata kama kinywani anasema kama sisi, akiandika anaandika saa ya Kifaransa, iache kama ilivyo. Kila abiria na kwao, kama mashine. Nikampigia Papa Deo kumweleza.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini mi niko na telefone mbili."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Sasa niwaambie habari za macho ya Maman Zaina, maana ndiyo kiini cha yote. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga duka zamani. La kulia likaanza kuota ukungu, mtoto wa jicho, hadi akawa anapima sambaza kwa kugusa na kutambua wateja kwa sauti za madeni yao. Hatimaye daktari wa macho huko Kigali akakubali kumpasua, akampa asubuhi moja. Akikosa hiyo, arudi nyuma ya foleni ambayo mwisho wake hauonekani hata na mwenye macho mazima, na lile jicho lilikuwa halina muda wa foleni. Alikuja kunieleza, maana siku zote yeye ndiye alikuja. Alisimama mlangoni ananuka ziwa, amefurahi.

"Nimeshapata kiti ya gari. Kwa telefone! Ile ya kwako! Kesho kutwa, saa tano. Nitalala kule, asubui njo daktari."

Kichwa changu kikavimba. Nilitamani Papa Deo asikie. Sikumuuliza aliandika kwa simu ipi, wala nani alimwandikia, wala jibu lilisema nini. Nilimwambia tu, "Umeona ilivyo rahisi?"

Siku ya safari nilikuwa jikoni, nimevaa kitenge cha nyumbani na kandambili. Simu ikalia.

"Maman Nuru, gari yako imeniacha."

"Haiwezekani. Si ulisema saa tano? Saa tano haijafika."

"Njo niko hapa mbele ya saa. Huyu mutoto wa gishe anasema gari yangu ilienda na giza. Mi nilisema naenda na giza? Giza iko ndani ya macho yangu, haiko inje!"

Nikamuuliza alivyotuma ule ujumbe. Alikuwa Bukavu kuuza sambaza, akasema, na alitumia laini ya Kongo kwa sababu ya Rwanda haikuwa na kitu ndani, na muuzaji mwenzake alimwandikia: Kigali, siku, tano. Jibu lilirudi. Lilikaa kwenye kikapu, chini ya samaki. Nani angelisoma, sambaza?

Namba ya Kongo, iache kama ilivyo. Programu yangu ilimpeleka kwenye basi la alfajiri bila kusita. Ilimwambia ndiyo.

Nikapanda moto vilevile nilivyokuwa, na kandambili. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, watu wanarudi Kigali na mizigo yao, na ajansi zote gare zilikuwa zimejaa hadi jioni. Kwenye gishe yetu kijana wa zamu alinigeuzia skrini nijionee mwenyewe basi la saa tano: "Samahani, nafasi zimekwisha. Asante kwa kutuchagua." Ile asante niliiandika mimi. Siku niliyoiandika niliona ni kitu cha upole.

"Mashine imekataa, Maman," kijana akasema.

"Mashine hiyo nimeiandika mimi. Mwongezee kiti."

"Sina ruhusa. Ni wewe tu unayeweza."

"Kompyuta yangu iko nyumbani."

"Basi," akasema kwa huruma, "tungoje urudi nyumbani."

Maman Zaina alikuwa amekaa juu ya begi lake, uso ameugeuzia kule injini zinakonguruma, akisikiliza kama mtu anayesikiliza kuitwa jina. Hakuwa akilalamika tena, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nimemjua kwa maneno yake.

Mpiga debe wetu, Sefu, alikuwa mlangoni mwa basi akipaza sauti, "Ile ya giza ilishaenda! Ile ya soko inaenda! Mwenye tike ya soko apande!" Nikamuuliza kijana wa gishe, Sefu anasema nini. Akanishangaa. Gare nzima, akaniambia, basi la alfajiri linaitwa la giza, na la kabla ya adhuhuri linaitwa la soko, kwa sababu mama za sokoni hulipanda wakishamaliza kuuza. Limeitwa hivyo tangu yeye hajaanza kazi. Miaka yote hiyo mimi niko dirishani kwangu nabishana na tarakimu, na watu walikuwa na majina ambayo hakuna aliyewahi kuyachanganya.

Sefu akapita ndani kuangalia viti, akatoka anakuna kichwa.

"Kiti moja ya dirisha haina muntu. Nani huyo anakosa?"

Kijana akasoma kwenye skrini. "Bwana mmoja wa Bukavu. Amelipa. Namba yake ni ya Rwanda. Hatujamwona."

"Wa Bukavu? Mwenye mukoba mwekundu?" Sefu akapiga mapaja yake. "Uyo nilimupandisha mu ile ya giza! Alilala hapa Kamembe juu asiichelewe, akakuya na ugomvi, ananionyesha telefone: 'Cinq heures! Niliandika cinq heures, banaandika onze!' Kulikuwa kiti bule, muntu wake hakukuya, nikamusukuma ndani."

Nikaelewa papo hapo, na nawaomba muelewe taratibu. Yule bwana aliandika 5, cinq heures yake, akimaanisha alfajiri, kwa laini ya Rwanda, na programu ikamwongezea sita ikawa onze, yaani 11. Maman Zaina aliandika 5 akimaanisha saa tano yetu, kwa laini ya Kongo, na programu haikumwongezea kitu. Makosa yangu mawili yalikuwa yamebadilishana viti. Bwana wa Bukavu alikuwa amekalia cha Maman Zaina hadi Kigali, na chake kilikuwa hapa mbele yetu, kitupu, karibu na dirisha.

"Apande basi!" nikasema.

"Kwa mashine bado kuna mtu," kijana akasema.

"Mtu mwenyewe yuko Kigali! Sasa hivi anatafuta chai!"

"Kwa mashine yuko hapa."

Tukampigia patron. Akasikiliza yote, akasema kwamba ajansi ilitumia nguvu nyingi kupata mashine ili kuondoa mabishano, na kama mashine inasema bwana yupo, bwana yupo, tusianze kumfukuza. Akakata simu. Dereva akawasha injini.

Sefu akaweka mkono mlangoni. Alikuwa mtu wa busara, hakutaka kuumiza mtu wala kufukuzwa kazi. "Mi namupandisha," akasema. "Lakini kitu ikiharibika, nani atajibu?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia kitenge hadi kandambili. Tulikuwa tumefanya kazi ajansi moja miaka na hakuwahi kuniona. "Na weye ni nani?"

"Mimi ndiye mashine," nikasema.

Akacheka hadi akashika mlango. Kisha akamshika Maman Zaina mkono, pole pole, akamwonyesha kidato kwa kukigonga na mguu ili akisikie. Nikaomba karatasi na kalamu pale gishe, nikamwandikia tike kama zamani: jina, Kigali, gari la soko, na mstari chini yake. Haukunyooka. Nikaipitisha dirishani. Aliipapasa, akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, na basi likaondoka.

Nilibaki gare mpaka mchana. Sikuwa na nguvu ya kupanda moto, kwanza, na pili nilitaka kusikia. Nilikaa kwenye benchi nikasikiliza watu wanavyoagiza nafasi. Hakuna hata mmoja aliyetaja tarakimu. Ile ya giza, ile ya soko, ile inayofika kabla watoto hawajalala. Kesho yake niliifuta kazi yote ya namba za simu, ile iliyonizungusha meza kwa furaha, nikaandika swali moja: ya giza au ya soko? Ndiyo programu mnayoitunza sasa. Patron alisema haionekani kama kitu cha kisasa. Papa Deo nilipompigia alikohoa, akasema amefurahi, maana laini zake zote mbili zitasafiri kwa amani.

Nikastaafu muda mfupi baadaye. Mlinifanyia sherehe, nawashukuru, na mkanipa saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeichagua, lakini nimemsamehe. Nilikuwa juu ya kigoda naipigilia misumari pale Maman Zaina aliporudi kutoka kuangaliwa na daktari kwa mara ya mwisho, bendeji imetoka, miwani mipya puani. Alisimama mlangoni, akanitazama. Ilikuwa muda mrefu sijatazamwa na yeye. Akasema nimezeeka, na pazia langu ni chafu, na hakuna aliyemwambia. Kisha akaisoma saa ya ukutani, akahesabu kwa midomo, akaridhika.

Nikamkaribisha. Nikamweleza kwa kirefu, kwa mara ya kwanza, kilichotokea siku ile: laini ya Kongo na ya Rwanda, sita ya kuongeza na sita ya kuacha, mashine na kwao, jinsi nilivyowaza siku nyingi nikitazama ukuta wake. Nikamwambia nataka kuyaandika haya yote kwa ajili yenu, wapate faida wanaonifuata. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si desturi yake, akiifuta ile miwani kwa ncha ya kitambaa. Aliivaa tena kabla ya kunijibu, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Maman Nuru, miaka yote hii ulikuwa unauliza mashine namna gani bantu banasemaka saa. Na mi niko hapa nyuma ya ukuta, haukukuya kuniomba ata chumvi."